Gari Kuchanganya: Nguvu Iliyopotea na Nguvu Inayonunuliwa

Toyota Axio yenye injini ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 iliyojaa barabarani kuanzia Dar es Salaam hadi Kampala, hutajwa kuwa na nguvu za farasi 109 hivi. Hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Gari hilo likishushwa melini Mombasa na kupandishwa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, litafika likiwa na farasi 90 hivi, bila kitu chochote kuharibika njiani. Kanuni ya makadirio ni kwamba injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila inapopanda mita 300, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi na silinda inameza kidogo kwa kila mzunguko. Mbeya, Njombe, Eldoret na Limuru, kila mji unakata fungu lake. Wengi wanaomwendea fundi wakisema gari halina pikapu wanalalamikia mwinuko wa nchi.

Naanza na hewa kwa sababu biashara yote ya kuongeza nguvu za injini ni biashara ya hewa, hata kama muuzaji atakuonyesha mabomba yanayong'aa, vidude vya waya na stika. Petroli ikiungua vizuri hutaka takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo ya mafuta. Kuongeza mafuta si kazi: weka nozeli kubwa zaidi na pampu yenye msukumo, yatafika. Kazi ni kuiingiza hewa ya kuyachoma. Timu ya Toyota, iliyokuwa imeshinda Safari Rally mwaka 1990, 1992, 1993 na 1994 kwa gari la Celica, ilikamatwa mwaka 1995 katika mashindano ya Catalunya, Hispania, ikiwa na kifaa kilichofichwa kwa ustadi mkubwa kwenye njia ya turbo. Kanuni za FIA, chombo kinachosimamia mashindano hayo, zilitaka hewa yote ipite kwenye tundu la milimita 34. Kifaa kile kiliruhusu hewa ya ziada ipenye pembeni. Toyota ikafungiwa miezi 12. Wahandisi wale walikuwa na fedha, maabara na kila aina ya chuma, na kitu walichoona kinastahili kuhatarishiwa jina la kampuni kilikuwa hewa kidogo zaidi.

Sasa, mtu anaposema anataka gari lake "liongezwe nguvu", huwa anachanganya mambo mawili. La kwanza ni nguvu yenyewe: injini ikikamuliwa mpaka mwisho inatoa kiasi gani. La pili ni wepesi: mguu ukigusa pedali, gari linaitika baada ya muda gani. Ukimsikiliza mteja vizuri, mara nyingi anaeleza la pili. Anataka kulipita lori la makontena kwenye barabara yenye njia moja kila upande kabla basi la mbele halijafika. Anataka kupanda mlima kama Kitonga bila gari kuhema. Anataka kutoka kwenye makutano ya barabara bila kupigiwa honi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mizunguko 7,000 ya injini. Yote yanahitaji gari lichanganye haraka kuanzia mizunguko 2,000.

Na hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea, kwa sababu kinachofaa kwa nguvu ya mwisho aghalabu huumiza wepesi. Turbo kubwa huchelewa kuanza kuzunguka. Kamshafti kali hufungua vali kwa muda mrefu, na hilo hunoga injini inapokimbia na kuivuruga inapotembea polepole. Injini ndogo iliyowekewa bomba la moshi pana kupita kiasi hupoteza mwendo wa gesi unaosaidia kuvuta hewa mpya. Unaongeza farasi kule juu na kuwapunguza huku chini ambako gari la foleni linaishi. Msimamo wangu ni kwamba kwa barabara zetu wepesi ndio unaostahili gharama, na sehemu kubwa yake haiuzwi dukani. Imo ndani ya gari tayari, imezibwa na uchafu, vilainishi visivyofaa na spea bandia.

Tuufuate mguu. Katika magari ya zamani pedali imeunganishwa kwa waya wa chuma na mlango wa hewa, lile bamba la duara lililo kwenye throtobodi. Ukikanyaga, bamba linageuka saa hiyohiyo. Katika magari mengi ya miaka ya 2000 na kuendelea, pedali haivuti kitu. Ina sensa zinazopeleka habari kwenye kompyuta ya injini, ambayo mafundi wetu huiita kontroli boksi. Kompyuta inaangalia joto, gia, mzigo na masharti ya moshi, halafu inaamuru mota ndogo igeuze bamba. Watengenezaji hulainisha kwa makusudi sehemu ya mwanzo ya pedali ili abiria wasirushwe na injini isitapike moshi. Bamba likishafunguka, hewa inapaswa kwanza ijaze chemba iliyo kati yake na vali. Kisha mlipuko usukume pistoni, pistoni izungushe flaiwili nzito, nguvu ipite kwenye gia boksi, na kama ni otomatiki ipite kwenye mafuta ya konveta au mkanda wa CVT. Kila kituo kinakula sehemu yake ya sekunde. Dereva anahisi jumla tu.

Ukitaka kuona wahandisi walipoamua kwamba wepesi ndio bwana, itazame Toyota 4A-GE ya vali 20, iliyotoka mwaka 1991. Ni injini ya lita 1.6 isiyo na turbo, yenye milango minne ya hewa, mmoja kwa kila silinda, iliyokaa karibu kabisa na vali. Nafasi ya kujaza hewa ni ndogo mno, kwa hiyo mguu na injini vinazungumza moja kwa moja. Toleo la kwanza lilitajwa kuwa na farasi 160, la mfuniko mweusi 165. Aliyewahi kuendesha Levin au Carib yenye injini hiyo anajua kwamba hisia ya gari jepesi haitokani na idadi ya farasi peke yake. Zipo Prado zenye nguvu zaidi ya hapo ambazo zinaitika kama zimeamshwa usingizini.

Kidude kinachouzwa sana siku hizi ni kile kiboksi cha kuchomeka kwenye pedali ya umeme, kati ya sensa na kompyuta. Kazi yake ni kudanganya. Ukikanyaga theluthi, kinaiambia kompyuta kwamba umekanyaga nusu au zaidi. Gari linaruka, mteja anatabasamu, fundi anapokea chake. Lakini kanyaga pedali mpaka sakafuni, ukiwa nacho na usipokuwa nacho: muda wa kufika kilomita 100 kwa saa ni uleule, kwa sababu mlango uliofunguka wote hauna pa kufunguka zaidi. Sikipingi kabisa. Kwa gari lenye pedali iliyolainishwa kupita kiasi kinaondoa uzito ule wa mwanzo, na hakigusi injini. Tatizo ni kukiuza kama nguvu. Tena kwenye foleni ya Mbagala au Thika Road gari lenye pedali kali linachosha mguu na kunywa mafuta, na barabarani penye tope linateleza kabla hujajua.

Halafu kuna kelele, ambayo sikio la binadamu huitafsiri kuwa mwendo. Hakuna mahali ambapo jambo hili limeeleweka vibaya kama kwa wapenzi wa Subaru. Mapenzi yenyewe yana asili ya heshima. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, na vijana waliomwona wakakua wakiagiza magari ya mtumba kutoka Japani yenye injini ya EJ20, lita mbili, silinda nne zilizolala pande mbili. Impreza WRX ya mwaka 1992 ilitoka na farasi 240; matoleo ya STI yakafika 280, idadi ambayo watengenezaji wa Japani walikubaliana kutoivuka hadi mwaka 2004, angalau kwenye makaratasi. Mlio wake wa kukoroma unatokana na mabomba ya kutolea moshi yenye urefu usiolingana: mapigo ya gesi yanafika kwenye turbo bila mpangilio.

Legacy GT za miaka ya mwisho ya 1990 zilikuwa na turbo mbili zinazopokezana. Ya kwanza huanza mapema, ya pili huingia baadaye, na pale zinapokabidhiana, kwenye mizunguko 4,000 na kitu, gari linasita ghafla kabla ya kuondoka tena. Wenye magari hayo wanaijua vizuri ile sehemu iliyokufa. Subaru waliiondoa kwenye Legacy ya mwaka 2003 kwa kuweka turbo moja yenye njia mbili za gesi na mabomba yenye urefu unaolingana. Mapigo hayagongani tena, turbo inaamka mapema, gari linachanganya chini. Mlio ukafa. Na sasa wapo wanaolipa fundi ang'oe mabomba hayo na kufunga ya mtindo wa zamani ili mkoromo urudi. Wananunua uchelewaji kwa fedha taslimu. Kama ni kwa ajili ya masikio, sawa, kila mtu na starehe yake. Lakini usiniambie gari limeongezewa nguvu.

Milipuko ya moshi inayosikika usiku mitaani ina hadithi kama hiyo. Magari ya rali yalikuwa na mfumo wa kuchoma mafuta ndani ya bomba la moshi ili turbo iendelee kuzunguka dereva anapoachia pedali, kwa sababu sekunde moja ya turbo kulala ni ushindi uliopotea. Timu ziliweza kubadili turbo kati ya siku na siku. Anayeiga milipuko hiyo kwa programu kwenye gari la kwenda kazini anaichoma turbo yake, vali zake na kichujio cha moshi, na hapati hata huo wepesi, maana mara nyingi kilichowekwa ni kelele bila mfumo wenyewe.

Kichujio cha hewa cha umbo la pia, chekundu au cha buluu, kikiwa wazi chini ya boneti, kina hesabu yake pia. Uzito wa hewa hupungua karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 3 za joto zinazoongezeka. Sanduku la kiwandani huvuta hewa ya nje, tuseme nyuzi 30. Kichujio cha wazi kilichokaa karibu na injini huvuta hewa inayoweza kufika nyuzi 60 ukiwa foleni. Umepoteza asilimia 9 ya hewa na kupata mvumo mzuri. Kikifungwa vizuri, kikapewa kizuizi cha joto na njia ya kuvuta hewa ya mbele, kinaweza kusaidia kidogo, hasa kwenye turbo. Vilivyopakwa mafuta kupita kiasi vina hasara nyingine: mafuta yanaenda kuganda kwenye waya mwembamba wa sensa ya hewa, kompyuta inasoma uongo, gari linakuwa zito kuliko mwanzo.

Niongeze rimu, ingawa si sehemu ya injini, kwa kuwa aliyebadili injini karibu kila mara alishabadili rimu. Kutoka inchi 15 kwenda 18 kwa kawaida kunaongeza uzito, tena uzito unaozunguka, ambao injini lazima iusukume upya kila unapokanyaga. Na kama duara zima la tairi limekuwa kubwa, umebadili uwiano wa gia za mwisho bila kujua. Kijana analifanya gari zito kwa shilingi nyingi, kisha anatafuta fundi wa kuliongezea nguvu kwa shilingi nyingine.

Basi kabla ya kuongeza, kirudishwe kilichopotea. Hapa ndipo ningemshauri mtu atumie fedha zake za kwanza, na hapa ndipo gereji nyingi zinapopita haraka kwa sababu kazi yenyewe haina fahari. Gari la mtumba lenye miaka kumi na zaidi, lililopita vumbi letu na mafuta yetu, halina tena nguvu zilizoandikwa kwenye karatasi zake. Throtobodi ina ukoko mweusi pembeni mwa bamba, kwa hiyo mguso wa kwanza wa pedali haufungui kitu. Kuisafisha ni kazi fupi, ila kompyuta nayo inapaswa kufundishwa upya kiwango cha sailensa, yaani mizunguko ya injini pedali isipokanyagwa, la sivyo gari litazimazima. Sensa ya hewa inahitaji kupulizwa dawa yake maalumu, wala isiguswe na kitambaa. Plagi za iridiamu zimejaa bandia madukani, zenye boksi zuri kuliko za kweli. Koili moja iliyochoka inaifanya injini imisi kidogo tu, kiasi kwamba dereva anazoea na kuamini ndiyo tabia ya gari. Nozeli zipelekwe kwenye mashine zikapimwe mnyunyizo moja baada ya nyingine.

Mambo mawili yanastahili kusemwa kwa sauti kubwa zaidi. Moja ni thamostati. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki huing'oa na kuitupa kwa imani kwamba nchi za joto haziihitaji na kwamba gari litapoa vizuri. Kompyuta ya injini inategemea joto la maji kujua kama injini imeshapata moto. Bila thamostati injini inakaa baridi barabarani, kompyuta inadhani ndiyo kwanza gari limewashwa, inaendelea kumwaga mafuta ya ziada, na gari linakuwa zito na lenye kunywa. Mwenye gari analipa kuongezewa nguvu wakati alichohitaji ni kurudishiwa kipande kidogo cha chuma chenye springi.

La pili ni oili. Injini zenye VVT-i hubadilisha muda wa kufungua vali kwa kusukumwa na oili hiyohiyo inayolainisha, kupitia tundu dogo na chujio dogo zaidi. Mtengenezaji alisema 5W-30 au nyepesi zaidi. Sisi tunamimina 20W-50 kwa sababu "injini imechoka" na oili nzito inaonekana na nguvu. Oili nzito inachelewa kufika, mfumo unachelewa kugeuza kamshafti, na gari linachelewa kuitika kwenye mizunguko ya kati, hasa asubuhi. Ni kweli injini inayokula oili ina mjadala wake. Iliyo nzima haina. Ukijumlisha breki zinazong'ang'ania, mafuta ya CVT yaliyowekwa ya aina nyingine na kichujio cha moshi kilichoziba ndani, utaelewa kwa nini magari mawili ya aina moja na mwaka mmoja yanaweza kuwa kama magari ya makampuni mawili tofauti.

Kuhusu hicho kichujio cha moshi, wengi wanang'oa. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wapo wanunuzi wanaokizungukia gereji kwa gereji, kwa hiyo fundi anayekuambia kwamba gari "litapumua" akikiondoa huenda ana mnunuzi tayari. Kilichoziba kweli hukaba gari, na kinapimwa kwa geji ya msukumo kwenye tundu la sensa ya oksijeni. Kizima hakikabi kiasi cha kuhisiwa na gari la lita 1.5. Ukikitoa unabaki na taa ya injini, harufu, na moshi wenye sumu kwa anayekufuata.

Gari likishakuwa zima, swali la kuongeza linakuwa la haki, na jibu lake linategemea kama lina turbo. Injini isiyo na turbo ikiandikiwa upya programu ya kompyuta hupata asilimia chache tu, kwa kuwa programu haiwezi kuumba hewa. Yenye turbo ni habari nyingine: ukiiambia turbo isukume zaidi, hewa inaongezeka kweli, na nyongeza ya asilimia 15 hadi 30 si jambo la ajabu. Turbo ilibuniwa na Mswisi Alfred Büchi, aliyepata hataza yake mwaka 1905, na ushahidi wake mkubwa wa mwanzo ulipatikana mlimani. Mwaka 1918 Sanford Moss wa General Electric aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak huko Colorado, mita 4,300. Injini yenye farasi 350 chini ilishuka hadi 230 hivi kule juu. Alipowasha turbo ikarudi juu ya 350. Kwa mkazi wa Nairobi au Mbeya, hiyo ndiyo hoja bora kuliko zote ya kununua gari ambalo lilitoka kiwandani na turbo ndogo, badala ya kuhangaika na lisilo nayo.

Ila turbo huja na deni, na deni hulipwa kwa okteni. Hewa ikikandamizwa inapata joto. Mchanganyiko ukipata joto kupita kiasi hulipuka wenyewe kabla ya wakati na kuigonga pistoni kama nyundo. Magari ya turbo ya soko la Japani yalipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo kiwango chao cha taifa kinataka isipungue okteni 96, wakati ya kawaida inaruhusiwa kuanzia 89. Huku petroli hiyo ya juu haipatikani kila kituo. Uchakachuaji nao umekuwa tatizo la kutosha kufanya serikali zichukue hatua: Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, zote kwa lengo la kuondoa faida ya kuyachanganya. Mafuta ya taa ndani ya petroli yanashusha okteni vibaya, na EJ20 iliyoongezwa msukumo haisamehi. Kinachopasuka kwanza ni kingo nyembamba za pistoni zilizo kati ya ringi na ringi.

Mtego wa mwinuko ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani. Chukua gari la turbo lililopangwa na fundi wa Nairobi kwa vali ya kawaida ya kudhibiti msukumo, geji ikisoma baa 1. Geji inasoma ziada juu ya hewa ya mahali hapo. Hewa ya Nairobi ina msukumo wa baa 0.82 hivi, kwa hiyo injini inapata jumla ya 1.82. Mwenye gari akiteremka nalo Mombasa kwa Krismasi, geji inasoma baa 1 ileile, lakini hewa ya pwani ina baa 1.01, na injini sasa inapata 2.01. Ni nyongeza ya asilimia 10 ya hewa ambayo fundi hakuwahi kuijaribu, kwenye joto la nyuzi zaidi ya 30, huku dereva akifurahi kwamba gari "limekubali pwani". Atarudi kwa breakdown. Aliyepanga gari juu lazima aache nafasi ya chini, na ambaye hajui hilo asiguse programu ya turbo.

Dizeli ina kisa chake. Land Cruiser nyingi zinazobeba watalii na zile za mashirika ya misaada kutoka Arusha mpaka Goma zina mashine ya 1HZ: lita 4.2, silinda sita, bila turbo, farasi 130 hivi, ikiwa imetengenezwa tangu mwaka 1990. Inapopanda kutoka Karatu kwenda ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,300, hewa imepungua kwa karibu robo lakini pampu inaendelea kutoa dizeli kana kwamba iko Tanga. Ndio ule moshi mweusi. Wenye magari wanaongeza turbo, na kwa msukumo mdogo, ikiwa pampu imepangwa upya, gari linabadilika kabisa mlimani. Lakini 1HZ ina mkandamizo wa zaidi ya 22 kwa 1 na chemba ndogo za kuwashia zisizoundwa kwa joto la turbo. Bila geji ya kupima joto la moshi, dereva hana namna ya kujua kwamba anayeyusha pistoni hadi siku itakapoyeyuka. Geji hiyo ningeifunga kabla ya turbo yenyewe.

Kipimo ndicho kinachotenganisha fundi na mchuuzi. Mashine ya kupimia nguvu kwenye magurudumu ni bora, na penye hiyo mteja adai karatasi mbili, ya kabla na ya baada, za siku moja na joto moja. Pasipo mashine, kidude cha bei ndogo cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD na programu ya simu vinatosha kurekodi ufunguzi wa mlango wa hewa, mizunguko, joto la hewa inayoingia na kasi. Tafuta kipande cha barabara tupu na salama, gia ya tatu, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, mara kadhaa kwenda na kurudi, na mtu wa kushika saa awe abiria. Kama nusu sekunde haijapungua, umenunua hisia.

Na gari linalochanganya haraka zaidi hufika kwenye kona likiwa na kasi zaidi. Padi za breki, maji ya breki, rejeta na tairi vitangulie kwenye bajeti. Kama fedha hazitoshi kwa vyote, acha injini ilivyo. Baada ya hapo iandikie kampuni yako ya bima barua ukieleza ulichobadilisha, na upate jibu la maandishi. Mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli wa mteja, na turbo ambayo hukuitaja inaweza kuwa sababu ya kukataliwa fidia siku utakayoihitaji.